Tulivyoanzisha uwanja wa watoto juu ya mawe ya volkano

Ninalea watoto wa miaka mitatu hadi mitano katika uwanja wa kanisa huko Ndosho, upande wa magharibi wa Goma, na akina mama wa kartie (mitaa) nyingine huniuliza mara kwa mara tuliwezaje kupata mahali pa watoto kujifunza kwa kucheza nje, katika mji uliojengwa juu ya mwamba mweusi wa volkano. Ninaandika kwa ajili yao.

Haja ilikuwa wazi kwa kila mtu. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini maternele, yaani shule ya chekechea, haimo katika mpango huo, na karo yake inawashinda akina mama wanaoamka alfajiri kwenda kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, au makaa. Watoto wao walishinda kwenye avenyu huku pikipiki zikiwapita ubavuni, au walifungiwa ndani na dada ambaye naye alipaswa kuwa darasani. Mkubwa wa avenyu alikwenda nasi kumwomba mchungaji, na mchungaji akatupa uwanja kila asubuhi isiyo na ibada, kwa sharti la kuuacha safi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ardhi yenyewe, na hapa sitapita haraka. Upande wetu wa mji, hasa kuelekea Mugunga na ziwani, kuna mazuku, yaani hewa ya kaboni dayoksidi inayopanda kupitia nyufa za mwamba. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni na mabondeni, zaidi usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Haina rangi wala harufu, na mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi chochote mahali ambapo mtoto aliyechuchumaa anakosa pumzi. Tuliwauliza wazee wa pale ni mashimo gani yanajulikana kwa kuua kuku na mbwa, tukachagua sehemu ya uwanja iliyoinuka na inayopigwa na upepo, tukajaza changarawe kila shimo dogo, kisha tukakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayekanyaga nje kabla jua halijapanda vizuri. Mpaka leo mtu wa zamu huzunguka uwanja mzima kabla ya watoto kufika, akitafuta wadudu waliokufa, mawe yenye makali na vipande vya chuma. Vita vimetuachia risasi na mabomu yasiyolipuka, na watoto huvutwa na kila king'aacho. Hata mdogo kuliko wote anajua la kufanya akiona chuma asichokijua: hagusi, anarudi nyuma, anamwita mtu mzima.

Vifaa havikutusumbua. Tulikusanya magunzi ya mahindi, vibuyu, mianzi, majani ya mgomba na mawe, mengi sana, tukatenga vitu vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto kooni. Fundi wa kuchonga chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa jirani yetu alituletea masalio ya mbao za mkaratusi, halafu akatutengenezea chukudu ndogo ya kimo cha watoto. Chombo hicho kimewafundisha mengi kuliko picha zozote za ukutani. Niliwatazama wavulana wawili wakipakia mawe upande wa mbele, chukudu ikainama na kumwaga mzigo wote. Wakapakia tena vilevile, ikamwaga tena. Mmoja alikaa chini akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kuweka mawe nyuma, moja moja, mwenzake akiishika usukani. Nilikuwa na jibu mdomoni tangu mwanzo, na kulimeza ndiyo ilikuwa kazi yangu asubuhi ile.

Siku nyingine msichana wa miaka minne alishika mawe mawili yenye ukubwa sawa, moja zito, jingine jepesi lililojaa vitundu vilivyoachwa na gesi wakati lava ilipopoa. Akaniambia, «Mama, hili limeshiba, hili lina njaa.» Kufikia wakati wa uji, watoto wote walikuwa wakitenga mawe yaliyoshiba na yenye njaa. Kesho yake nilitundika fimbo kwenye tawi na kufunga vikapu viwili sawa kila mwisho, wakapata mzani, nao wakaanza kubishana, kupima na kuhesabu bila kuagizwa na mtu.

Udongo ni haba kwetu, kwa hiyo bustani yetu imo ndani ya magunia. Tulitumia udongo uliochanganywa na maganda ya ndizi yaliyooza, tukapanda lengalenga (mchicha), kwa sababu huota upesi na mtoto huona matunda ya kazi yake kabla hajaisahau. Mbegu zake ni ndogo mno kwa vidole vya watoto, basi huzichanganya kwanza na mchanga mkavu, ndipo wanyunyize.

Wazazi walikuwa na mashaka, na ninayaheshimu, kwa maana mzazi maskini anapokukabidhi mtoto anakukabidhi tumaini lake lote. Papa mmoja alinijia akasema, «Mama mwalimu, mtoto wangu anarudi na vumbi tu. Daftari liko wapi? Kifaransa kiko wapi?» Nilimweleza kwamba Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, aliijenga juu ya michezo, nyimbo na bustani. Nilimweleza pia kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu imeuridhia, unataja kucheza kuwa haki katika kifungu cha 31. Alisikiliza kwa adabu lakini hakuridhika. Kilichombadilisha ni zamu. Tunamtaka kila mzazi aje kwa zamu akae nasi asubuhi nzima, na yeye alipokuja alimkuta mwanawe mbele ya mzani akimweleza mwenzake, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa nini mawe matatu madogo yalilingana na moja kubwa. Hakuuliza tena habari ya daftari. Siku hizi huja na mbao.

Zamu hizo ndizo zilizozaa likelemba ya uji, yaani mchango wetu wa pamoja. Akina mama huchanga unga wa masoso (mahindi, mtama na soya) na sabuni, nasi tuna bidoni (dumu la maji) lenye bomba mlangoni, maana kipindupindu hakituachi na hakuna anayegusa kikombe kabla ya kunawa. Kambambili pia ni lazima, kwa sababu mawe meusi hukata na jua likiwa kali huchoma nyayo.

Jambo lililotugawanya zaidi lilikuwa mchezo ambao hatukuufundisha. Watoto waliofika na wazazi wao wakikimbia mapigano walianza kufunga majani ya mgomba kama mizigo, wakaweka vitu kichwani, wakapiga kelele «Twendeni! Twendeni!» na kukimbia uwanja mzima, na wale wa Ndosho wakawafuata. Baadhi ya mama walitaka tuukataze, wakisema unafungua kidonda. Nilisimama imara kwamba tusiukataze: mtoto wa umri huo hana maneno ya kusimulia aliyoyaona, na mchezo ndiyo lugha aliyo nayo. Tulichofanya ni kuweka mianzi na majani mwisho wa uwanja, mahali walipokuwa wakisimama wamechoka, bila kusema lolote. Walianza kujenga vibanda pale, wakagawana vyumba, wakapika mchanga, wakamtuma mmoja kuteka maji. Mbio bado hurudi, hasa baada ya usiku wa milio ya risasi. Mama wa zamu haukatizi mchezo. Hukaa karibu, na mtoto akianza kulia kweli humbeba mpaka atulie, kisha humuuliza kama anataka kurudi kujenga.