Upindo wa kushoto

Fundi wangu wa nguo alijua kabla ya daktari yeyote. Kila nikimpelekea suruali ya kupunguza, huchora kwa chaki mistari miwili isiyolingana, wa kushoto juu kidogo, kisha hunyamaza. Miaka sita! Nilipomuuliza akashangaa: "Mwanangu, mimi nilidhani unajua."

Kwamba mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, nilijua na sikujua. Nikiwa na miaka 13 nilianguka kutoka mwembeni, nikavunjika paja la kushoto. Nililazwa wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa mawe ya uzito, mfupa ukaunga, nikarudi shule nikichechemea. Bibi akasema nitazoea. Nikazoea kweli, mpaka nilipovuka arobaini na kiuno kikaanza kunidai.

Daktari wa mifupa hakukimbilia picha. Alinisimamisha peku, akawa anapanga vibao vyembamba chini ya unyayo wa kushoto, kimoja juu ya kingine, mikono yake ikiwa nyongani mwangu, hadi pande zote mbili zikalingana. Sentimita 2.5. Eksirei ikathibitisha: vipande vya mfupa viliunga vikiwa vimepandana. Ningekuwa na miaka sita, alisema, pengine ingejirekebisha, maana mfupa wa mtoto mdogo ukivunjika huchangamka na kukua haraka kuliko mwenzake. Msichana wa miaka 13 amebakiza urefu kidogo tu. Aliniuliza pia kama niliwahi kuugua polio au kutunga usaha mfupani, na akakagua uti wa mgongo. Wengine mguu hauna kosa, mgongo ndio uliopinda.

Nikauliza kuhusu kurefusha. Akanieleza mbinu ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan, Siberia: mfupa hukatwa, mguu huzungushiwa pete za chuma, kisha skrubu hukazwa robo milimita mara nne kwa siku. Milimita moja kwa siku, na mfupa mpya huota kwenye pengo. Miezi mingi ya vyuma, na vidonda vya kuoshwa kila siku. "Kwa sentimita mbili na nusu, dada? Hapana. Tafuta fundi viatu."

Fundi viatu naye ana elimu yake. Ndani ya kiatu, akasema, haizidi sentimita moja, la sivyo kisigino kitachomoka. Kinachobaki kinakwenda chini ya soli. Tumeanza na kidogo, tutaongeza polepole ili mgongo usishtuke. Nyumbani natembea na kandambili, moja nene, moja nyembamba. Watoto wanacheka, na mimi nacheka nao. (Ila nikiwa msibani, viatu vyote mlangoni, narudi kuwa yule yule.)

Leo nilipeleka suruali mpya nikiwa nimevaa viatu vyangu. Fundi akapiga magoti, akachora kulia, akachora kushoto. Akarudia kupima. Kisha akainua macho.

"Na zile za zamani, nizifumue upindo?"