Sukari 9.2 na tumbo langu

Fomu ya upasuaji wa kukata ngozi ya tumbo iliyolegea iliuliza kama nina ugonjwa wowote wa kudumu. Nikaandika "presha kidogo". Sukari nikainyamazia. Nina kisukari mwaka wa 6 sasa, na vidonge vya metformini vilikuwa ndani ya pochi ile ile niliyotolea kalamu.

Niliogopa kukataliwa. Nimezaa watatu, wote kwa kisu, na ngozi ya tumbo ilikuwa inaning'inia juu ya kovu. Joto la Dar likipanda, panachubuka na kutoa harufu. Lakini nisijitie utakatifu: nilitaka pia gauni linikae.

Aliyenikamata ni daktari wa usingizi, mama mtu mzima. "Mwanangu, dawa zako zote weka mezani." Nikatoa metformini ya sukari, na losartani na amlodipini za presha. Akauliza na za kienyeji. Nikataja kitunguu saumu na limao, nakunywa kila alfajiri kwa ajili ya presha. Akaandika, akapiga mstari chini: niache wiki mbili kabla, kinaweza kuongeza kutoka damu.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kikasoma asilimia 9.2. Daktari wa upasuaji akanichorea kwenye karatasi. Ngozi ya tumbo ikikatwa na kuvutwa, ukingo wake hubaki na damu haba. Sukari ikiwa juu, kidonda hakifungi na vijidudu vinapata karamu. "Niletee chini ya 7.5, ndipo tupange tarehe." Nililia kwenye bajaji hadi Mwenge.

Miezi 7. Ugali ukawa wa ngumi moja, soda basi, jioni natembea. 7.1.

Asubuhi ya upasuaji nilimeza amlodipini peke yake kwa funda la maji. Zile nyingine mbili niliambiwa niziache. Nilizinduka nina mirija miwili ya kutoa maji na soksi za kubana hadi mapajani. Jioni ile ile nesi ananiinua nitembee, damu isije ikaganda miguuni. Nilitembea nimejikunja kama bibi anayepalilia.

Hata hivyo katikati ya mshono palifunguka, upana wa kucha ya kidole gumba. Wiki 5 za kusafisha kidonda, na kila nikikitazama ile 9.2 inanijia.

Gauni nililivaa kwenye harusi ya mpwa wangu mwezi uliopita. Kitunguu saumu sasa nakila kwenye pilau tu.