Uanagenzi wa mimea katika bustani ya burudani: uzoefu wangu Nakuru

Mkulima wa kawaida akiona nzi weupe kwenye nyanya ananyunyizia dawa, anafunga mlango wa kivungulio (nyumba ya plastiki au kioo ya kukuzia mimea) na kurudi kesho. Kwenye bustani ya burudani mlango haufungwi. Watoto wa shule wanashuka kwenye basi saa tatu asubuhi, na wikendi familia zinaingia hadi jioni. Kila mmea sharti uwe wa kutazamwa, kuguswa na hata kuliwa siku hiyohiyo. Nilifanya uanagenzi wangu kwenye kivungulio cha maonyesho katika bustani ya namna hiyo, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Kazi yote ilielekea upande mmoja: kulizuia tatizo kabla mgeni hajaliona. Nawaandikia wanafunzi wa kilimo, wa Chuo Kikuu cha Egerton na kwingineko, wanaotafuta nafasi kama hiyo.

Mfano unaojulikana sana ni banda la The Land katika EPCOT, bustani ya burudani ya Disney, jimbo la Florida, Marekani, lililofunguliwa pamoja na bustani hiyo Oktoba 1982. Wageni hupitishwa kwa mashua katikati ya mimea iliyooteshwa bila udongo, na miongoni mwa wanaoitunza ni wanagenzi wa sayansi ya mimea. Mnyanya mmoja huko uliwahi kuzaa nyanya zaidi ya 32,000, na maboga hukuzwa ndani ya viunzi vya plastiki ili yatoke na umbo la Mickey Mouse. Bustani za kwetu zinapenda kuiga mandhari hayo, na si vibaya. Kitu kisichoigika ni maji. Nakuru tuko Bonde la Ufa, na maji mengi ya visima vyetu yana sodiamu, baikaboneti na floraidi kwa wingi. Asiyeanza na maji atahangaika na majani ya njano msimu mzima.

Kwa hiyo anza kwa kupeleka sampuli ya maji maabara, na uombe vipimo hivi: pH (kiwango cha uchachu), EC (wingi wa chumvi zote zilizoyeyuka), baikaboneti, sodiamu, kalsiamu na floraidi. pH peke yake haikwambii utahitaji asidi kiasi gani. Kinachokwambia ni baikaboneti, kwa kuwa ndiyo inayoizuia pH isishuke. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila miligramu 61 za baikaboneti katika lita ni milimoli moja, na kuiondoa milimoli hiyo katika lita 1,000 unahitaji takriban mililita 77 za asidi ya nitriki ya asilimia 60. Chukua maji yenye miligramu 305 kwa lita, yaani milimoli 5. Usiondoe zote, bakisha moja ili pH isiyumbe. Utaondoa 4, ambazo ni karibu mililita 310 za asidi kwa tangi la lita 1,000. Jaza maji kwanza, kisha mimina asidi polepole huku ukikoroga, umevaa glavu na miwani. Kumimina maji juu ya asidi ni hatari, kwa kuwa huchemka na kuruka usoni. Tangi litatoa povu la hewa ya kaboni, na hewa hiyo ikishatoka pH hupanda tena kidogo. Pima upya asubuhi yake kabla ya kuongeza chochote. Lengo ni 5.5 hadi 6.2.

Asidi hiyo pia ni mbolea, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Milimoli 4 za asidi ya nitriki huongeza miligramu 56 za nitrojeni kwa kila lita. Kwa nyanya tulianza na mchanganyiko huu kwa lita 1,000: kalsiamu nitreti gramu 900, potasiamu nitreti gramu 400, monopotasiamu fosfeti gramu 200 na magnesiamu salfeti gramu 500, pamoja na chuma na madini madogomadogo. Baada ya kuhesabu asidi, potasiamu nitreti niliiondoa yote na kuweka gramu 360 za potasiamu salfeti. Potasiamu inabaki ileile, nitrojeni hairundikani, na mnyanya hauendi kwenye majani ukasahau maua. Mbolea huyeyushwa kwanza zikiwa nzito kwenye ndoo mbili. Kalsiamu nitreti na chuma hukaa kwenye ndoo A. Salfeti na fosfeti kwenye ndoo B. Zikikutana zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, na unapata unga mweupe chini ya ndoo ambao hakuna mzizi utakaounywa. Chuma nacho kichague kwa makini: huuzwa kikiwa kimeshikiliwa na kemikali ili kisigande, na cha EDTA hulegea pH ikipita 6.5, cha DTPA huvumilia zaidi. Kwa maji yetu yanayopenda kupanda, DTPA ndiyo iliyofaa.

Sodiamu haiondolewi na asidi. Dawa yake ni kuyachanganya maji ya kisima na ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 200 likipata milimita 20 hukupa lita 4,000, na ukikinga vizuri utahifadhi zaidi ya 3,000. Matangi yawe matupu na mabomba ya paa yawe yamesafishwa kabla ya masika ya Machi. Maji ya mvua matupu tuliyawekea drasina na mimea mingine ya mapambo ambayo ncha zake huungua kwa floraidi. Na pale maji yanapozunguka, kama kwenye letasi, usiidanganye nafsi kwa mita ya EC. Mmea unakula nitreti na potasiamu na kuiacha sodiamu, halafu wewe unajazia tena. Mita inasoma 1.4 ileile, ilhali sehemu kubwa sasa ni chumvi isiyolika. Tulimwaga tangi kila baada ya wiki mbili na kuanza upya.

Letasi ziliwekwa kwenye mifereji kumi ya plastiki, kila mmoja mita 6, matundu kila sentimita 20, ambayo ni miche 30 kwa mfereji. Mteremko ni sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, na maji lita 1 hadi 2 kwa dakika. Mteremko ukipungua maji yanatuama na mizizi inakosa hewa. Ili wageni wasikute mifereji mitupu, kila wiki tulipanda miwili na kuvuna miwili: wiki tatu kitaluni, tano mferejini. Mbegu tulisia 72 kwa ajili ya nafasi 60, kwa kuwa mche dhaifu kwenye maonyesho huonekana kutoka mlangoni.

Adui mkubwa wa mifereji ni kupotea kwa stima. Mchana wa jua mizizi inaweza kukauka chini ya saa mbili, na letasi iliyonyauka hivyo hairudi kuwa ya kuonyeshwa. Badala ya pampu kusukuma maji moja kwa moja mferejini, iwe inajaza tangi la lita 1,000 lililoinuliwa mita 2, nalo ndilo linalolisha mifereji kwa mteremko. Mifereji kumi ikipokea lita 1.5 kwa dakika, tangi hilo linakupa saa moja na ushei ya kuwasha jenereta. Tangi la chini lizike ardhini. Maji yakipita nyuzi 25 hewa hupungua ndani yake, na ugonjwa wa kuoza mizizi hufuata. Usiku wa Nakuru ni baridi, na udongo huutunza ubaridi huo.

Nyanya tulizipanda kwenye ndoo za lita 12 zilizojazwa pumisi, lile jiwe jepesi la volkeno ambalo mashamba ya maua ya Naivasha hulitumia sana. Lioshe hadi maji yatoke safi, maana vumbi lake huziba vitundu vya mabomba ya matone. Mwagilia kidogo mara nyingi, hadi asilimia 20 au 30 ya maji itoke chini ya ndoo. Pima EC ya maji yanayotoka. Ikizidi ya yanayoingia kwa zaidi ya 1, ongeza umwagiliaji. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, tunda huoza kitako. Watu hukimbilia kuongeza kalsiamu, ilhali tangini imejaa. Shida huwa ni maji kufika kwa kusuasua: kalsiamu husafiri na maji, na tunda huwa la mwisho kupata. Rekebisha ratiba ya umwagiliaji kwanza.

Ndani ya wavu nyuki hawaingii, kwa hiyo ua hutikiswa kwa mkono. Gonga kamba inayoshikilia mnyanya, kila baada ya siku moja au mbili, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati chavua ni kavu. Kazi hii tuliwapa watoto fimbo nyepesi wakaifanya wenyewe, na kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya ziara nzima. Mtoto aliyeona vumbi la chavua likidondoka anaelewa tunda linatoka wapi kuliko aliyesomewa bango.

Wadudu hupangiwa kabla ya wageni. Milango iwe miwili: kundi la watoto kumi na tano linaingia, mlango wa nje unafungwa, ndipo wa ndani unafunguliwa. Wafanyakazi wasivae njano, rangi inayowavuta nzi weupe. Kila anayegusa nyanya anawe mikono kwa sabuni, hasa mvutaji wa sigara, kwani virusi vya tumbaku hushambulia nyanya pia. Kwa nzi weupe tulining'iniza kadi za Encarsia, nyigu wadogo mno wanaowamaliza nzi hao wakiwa wachanga, kuanzia wiki ya kupanda. Geuza majani ya chini utazame kwa lenzi ya mara 10: viluwiluwi vya nzi wa vivungulio vilivyogeuka vyeusi vimeshaliwa, kwa hiyo majani hayo usiyatupe upesi. Utitiri mlaji, Phytoseiulus, unaokula utitiri waharibifu, ulifaa kwenye stroberi na matango. Kwenye nyanya vinyweleo vya shina humnasa. Tuta absoluta, nondo aliyeingia Kenya mwaka 2014, anahitaji wavu usio na tundu hata moja, mitego ya harufu, na kuchuma kila jani lenye mchirizi.

Pareto, dawa ya wadudu itokanayo na maua, tunaitoa kwetu na watu huiona salama, kwa kuwa jua huimaliza haraka. Lakini haichagui, inawaua na Encarsia. Tuliitumia jioni baada ya wageni kuondoka, kwenye mmea mmoja mmoja ulioshambuliwa, na sehemu hiyo ikazungushiwa kamba hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite.

Maboga ya kiunzi yanawezekana kwetu. Funga kiunzi tunda likiwa kama ngumi, kitoboe chini maji yatoke, na kining'inize kwa kamba yake yenyewe, la sivyo uzito utakata kikonyo. Tunda likigusa kuta zote, fungua, ukichelewa hupasuka.

Unapoondoka, mwachie anayekuja karatasi moja iliyobandikwa juu ya tangi: matokeo ya maabara ya maji, mililita za asidi kwa lita 1,000, gramu za kila mbolea, tarehe ya mwisho ya kumwaga tangi na ya kuning'iniza kadi za Encarsia. Mita za pH na EC zisahihishwe kwa maji ya kipimo siku hiyo, akiwa anatazama.