Nilivyolinganisha mtandao wa protini za hamira na wa binadamu

Kwa wiki kadhaa nilifurahia alama isiyo na maana. Nilikuwa nalinganisha mtandao wa protini za hamira na ule wa binadamu. Kila protini ni nodi, protini mbili zinazoshikana huunganishwa kwa mstari, na kazi ni kuitafutia kila nodi ya hamira mwenzake wa upande wa pili ili mistari iangukie juu ya mistari. Hamira ina jeni za protini zipatazo 6,000, binadamu karibu 20,000. Hakuna kompyuta inayoweza kujaribu kila mpangilio, kwa hiyo programu zote hukisia kwa busara.

Nilianza na IsoRank, inayosema protini mbili zinafanana iwapo majirani zao wanafanana. Kisha nikahamia SANA ya mwaka 2017, inayoiga chuma kinavyopoa: mwanzoni hukubali hata mabadilishano yanayoshusha alama, halafu huzidi kuwa kali kadiri joto linavyopungua. Niliipenda kwa sababu hutafuta alama yoyote utakayoiagiza. Nami niliiagiza alama mbaya.

Alama hiyo huhesabu tu ni mistari mingapi ya mtandao mdogo iliyopata mwenzake. Chukua protini nne za hamira zilizofuatana kama mnyororo, mistari mitatu. Ziweke juu ya protini nne za binadamu ambazo zote zinashikana, mistari sita. Mitatu yote imepata mwenzake: asilimia 100! Lakini mnyororo si fundo. Alama nyingine, S3, iliyokuja na programu ya MAGNA mwaka 2014, huhesabu na mistari iliyozidi upande wa pili: 3 kugawanya kwa (3 + 6 − 3), yaani 0.5. Nilipoibadilisha, alama yangu iliporomoka, na nikaona kwamba protini zangu zilikuwa zimerundikwa kwenye mafundo mazito ya binadamu.

Baada ya hapo sikutaka kuamini alama yoyote kabla ya kuijaribu pale ninapojua jibu. Upo mtandao wa hamira unaotumiwa sana kwa hili, wenye protini 1,004 na mistari 8,323 ya uhakika. Huongezewa mistari dhaifu kuanzia asilimia 5 hadi 25, kisha hulinganishwa na wenyewe. Jibu sahihi ni kila protini kurudi kwake. Zangu nyingi zilirudi, ila ndani ya mafundo zilibadilishana nafasi, kwani protini mbili zenye majirani walewale hazitofautishwi kwa umbo la mtandao peke yake.

Kikabaki kipimo cha kazi za protini kutoka Gene Ontology, hazina ya maelezo ya kazi za jeni na protini. Maelezo mengi humo yametolewa protini moja kwenda nyingine kwa kufanana mfuatano wa amino asidi, yaani vijenzi vya protini, mengine kwa kushikana kwenyewe. Kupima nayo ni kujisahihishia mtihani. Nikaondoa yote yenye misimbo ya ushahidi IEA (yaliyowekwa na kompyuta), ISS (kufanana mfuatano) na IPI (kushikana). Idadi ya jozi zilizopita ilipungua sana.

Kwa kuwa SANA hutumia bahati, naiendesha mara nyingi na kubakiza jozi zinazojirudia. Nyingi ni za proteasomu, mashine ya kuvunja protini chakavu: fundo lote hutua juu ya fundo lake. Sehemu za ndani bado zinabadilishana, na hapo tu naruhusu mfuatano wa amino asidi uamue.