Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na Ronald Ngala

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya alamu kwa sababu jana nililala na swali moja kichwani na asubuhi bado liko palepale. Kazi yangu ni kuandika skripti za vipindi vya redio kuhusu historia, na wiki hii zamu ni ya Ronald Ngala, yule mwalimu wa Kigiriama aliyeongoza KADU, chama cha makabila madogo. Kipindi ni dakika 28, maisha ya mtu mzima humo ndani, na leo jioni lazima skripti iwe imetoka mikononi mwangu.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini Novemba 1964 alikivunja chama chake mwenyewe? Nyumbani kwetu Pwani nimekua nikisikia majibu mawili tu, ati alinunuliwa ama aliogopa. Mimi yote mawili hayajawahi kuniingia.

Saa 1 asubuhi. Matatu imetushusha Ronald Ngala Street, mkondakta anapiga kelele "Ngala! Ngala! mwisho hapa!" na watu wanashuka bila kufikiria hilo jina ni la nani. Ninavuka kwenda Makavazi ya Taifa, jengo liko katikati ya Tom Mboya Street na Moi Avenue. Ukijua hadithi huwezi kutembea hapo kama mtu wa kawaida: Mboya ndiye alikuwa katibu mkuu wa KANU, chama kikubwa kilichoshindana na KADU, Moi alikuwa mwenyekiti wa KADU, Ngala rais wake, na wote watatu walichaguliwa Baraza la Kutunga Sheria mwaka mmoja, 1957, kwenye uchaguzi wa kwanza wa Waafrika. Waafrika waliochaguliwa walikuwa wanane tu. Leo wamekuwa steji na maduka ya viatu.

Saa 2 na nusu. Nimejaza fomu, nimesubiri, Hansadi za 1964, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, zimeletwa, zile kubwa zenye karatasi ya kahawia. Hapa ndipo siku yangu inapoenda, na nikisema ukweli ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Nianze nyuma kidogo ndio mnielewe. Mei 1960 KANU ilipoundwa, Ngala alichaguliwa mweka hazina na Moi msaidizi wake, wenyewe hawakuwepo, na vyeo wakavikataa. Juni wakakutana Ngong na wenzao, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, watu wa Pwani, na kina Masinde Muliro kutoka magharibi, wakaunganisha wakapata KADU. Hofu yao ilikuwa moja: mkoloni akiondoka, serikali itashikwa na makabila makubwa mawili, Wakikuyu na Wajaluo, na swali la kwanza litakuwa ardhi. Hii hofu watu huizungumza leo kama ujinga wa ukabila, mimi siioni hivyo, mtu wa jamii ndogo anayeuliza "kura zenu mkizijumlisha mimi nabaki na nini?" ameuliza swali la halali kabisa.

Uchaguzi wa 1961 KANU wakapata viti 19, KADU 11. Hapo kawaida mchezo umeisha. Lakini KANU wakakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe, basi gavana akamgeukia Ngala, na yule mwenye viti 11 ndiye akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali, akiungwa mkono na Wazungu wa chama cha Michael Blundell. Kwa hilo aliitwa kibaraka hadi mwisho wa maisha yake na sitaki kulificha kwenye kipindi, kwa sababu kweli alikubali, na kweli masetla walikuwa na maslahi yao. Ila pia Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961 wakati Ngala yuko kwenye kiti hicho. Vyote viwili nitavisema.

Saa 4. Nimefika kwenye kitu nilichokuwa nakitafuta, na hakiko kwenye hotuba, kiko kwenye hesabu. Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye daftari: ROBO TATU. TISA YA KUMI.

Lancaster House 1962, London, mazungumzo ya katiba, wiki na wiki za mabishano, Ngala alirudi na majimbo: mikoa saba yenye mabunge yake, na Seneti ambamo kila wilaya ina sauti moja, kubwa kwa ndogo. Kubadilisha katiba ilihitaji robo tatu ya wabunge na maseneta, na kwa vile vifungu vilivyolindwa zaidi, ilihitaji asilimia 90 ya Seneti. Hiyo ndiyo silaha pekee kiongozi wa chama cha wachache aliyokuwa nayo. Hana kura za kushinda, basi anajenga ukuta ambao mshindi hawezi kuuruka bila kumuomba. Nimekaa nikatazama hizo namba nikaona jinsi huyu mwalimu alivyofikiria, mtu aliyefundisha darasani miaka na miaka anajua kugawanya.

Sasa angalia kilichofuata. Mei 1963 KANU wakashinda, Ngala akawa kiongozi wa upinzani na huku ni rais wa Jimbo la Pwani. Oktoba KANU wakarudi London wakapata baadhi ya vifungu vilegezwe kabla hata ya uhuru, kina Moi wakatishia kujitenga, haikusaidia. Halafu 1964 pesa za majimbo zikawa zinabanwa na serikali kuu, na wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, maana mpiga kura anataka barabara na barabara inatoka serikalini.

Ukuta wa asilimia unasimama tu kama watu wako wamebaki ndani. Kila mbunge anayehama ni tofali limetoka.

Saa 6 mchana. Tarehe 10 Novemba 1964. Nimeisoma ile siku mara tatu. Ngala anasimama Bungeni, Spika ni Humphrey Slade, anatangaza kwamba KADU imekwisha na wote wanajiunga na serikali. Kila kitu ni kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili kilikuja kuruhusiwa Bungeni 1974 tu, na Ngala alikuwa ashakufa. Hilo limeniuma kidogo, mtu aliyeandika kitabu kwa Kiswahili kuhusu watu wake mwaka 1949, siku nzito kuliko zote za siasa yake hakuisema kwa lugha hiyo.

Saa 7. Chai na mandazi mawili, haraka.

Saa 8. Nimempigia mzee mmoja wa huko kwetu Kilifi, alikuwa kijana wa kubandika mabango ya KADU. Nimemwambia "shikamoo babu", akaitikia "marahaba mjukuu wangu", tukaulizana hali za nyumbani kwanza maana huwezi kumrukia mzee na maswali. Nimemuuliza siku walipopata habari ilikuwaje. Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akasema walikuwa kwenye mnazi, redio ya jirani ndiyo ilisema, na hakuna aliyekasirika, walibaki kuulizana sasa zile kadi tufanyie nini. Yake aliiweka ndani ya Biblia na iko hadi leo.

Hiyo kadi imenikaa kifuani.

Saa 9 na nusu. Nimerudi nyumbani, naandika. Nimekata utangulizi wote kuhusu kuzaliwa na shule. Nimekata pia sehemu ya ajali ya Desemba 1972 iliyomuua, nimeiacha sentensi mbili, kwa sababu kila kipindi kuhusu Ngala hukimbilia pale kwenye nyuki wanaosemekana kuingia garini na maswali yake, na mwisho wake msikilizaji hajui yule mtu alifanya kazi gani akiwa hai. Baada ya 1964 alikuwa waziri kwenye serikali ileile aliyoipinga, na mkutano wa Limuru 1966 akachaguliwa makamu wa rais wa KANU wa Pwani. Seneti yake mwaka huohuo ikaunganishwa na Bunge, ikapotea. Alikuwa ndani akiangalia.

Saa 12 jioni. Mhariri amepiga simu. Anasema dakika nne za asilimia ni nyingi, msikilizaji atabadilisha stesheni, weka wimbo wa zamani pale. Nimemwambia hapana mkuu, hizo dakika nne ndizo kipindi, ukizitoa Ngala anarudi kuwa mtu aliyenunuliwa. KADU haikuhitaji kununuliwa chama kizima, walitosha wabunge wachache tu wa kwanza, wengine hesabu iliwafuata, na Ngala aliona namba haziko tena, akachagua kuingia na watu wake wote kwa pamoja wakati bado kuna kitu cha kujadili. Inawezekana alikosea. Mimi nadhani angesubiri angalau katiba ya Jamhuri, ile ya kupunguza nguvu za majimbo, ipigiwe kura ukumbini, watu wake waone nani amepiga vipi. Lakini ni kosa la mtu aliyehesabu.

Mhariri kakaa kimya, halafu akasema sawa, dakika tatu.

Saa 3 usiku. Dakika tatu zimetosha, nimesoma kwa sauti nikitumia saa ya simu, 2 na sekunde 51. Badala ya "asilimia 90 ya Seneti" nimeandika "kati ya kila maseneta kumi, tisa wakubali", kwa redio inaingia vizuri zaidi. Na nimeanzisha kipindi na ile kadi iliyo ndani ya Biblia. Kesho asubuhi nampigia babu tena, nimuombe ruhusa.