Chuseok ukweni: wanaokaanga sio wenye ukoo

Chuseok imeisha na nywele zangu bado zinanuka mafuta ya kukaangia. Wengi mnaniulizaga hii sikukuu ya Wakorea ikoje hasa, maana kwenye tamthilia mnaona tu watu wamevaa hanbok, yale mavazi ya jadi, wanacheka mezani, basi ngoja niandike ya mwaka huu 2025 kabla sijasahau.

Kifupi ni sikukuu ya mavuno, siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya mwezi, ndio maana tarehe inahamahama. 2024 iliangukia 17 Septemba, joto la kufa mtu, safari hii ikawa 6 Oktoba. Inahama kama Idi, ila huku hakuna kukesha mnabishana mwezi umeandama au haujaandama, hesabu zilishapigwa zamani na tiketi za treni watu wanagombania wiki kadhaa kabla. Mwaka huu iliungana na sikukuu nyingine ikawa mapumziko ya tarehe 3 mpaka 9, so wengine walipanda zao ndege wakaenda Japani au Vietnam. Sisi tulienda ukweni Naju, kusini kule kwenye mashamba ya mapeasi. Tulitoka Incheon tunakoishi saa nane usiku kukwepa foleni na foleni tukaikuta, yaani nchi nzima ilikuwa na akili hiyo hiyo. Angalau siku hizo barabara za kulipia zinakuwa bure.

Sasa kazi. Siku moja kabla ndio siku yenyewe kwa wanawake. Asubuhi tunafinyanga songpyeon, vikeki vya unga wa mchele vyenye shepu ya nusu mwezi, ndani unaweka ufuta na sukari au maharage, halafu vinapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari, hiyo harufu jamani acha tu. Wanasema anayefinyanga songpyeon nzuri atazaa binti mzuri. Mama mkwe alitazama zangu, hakusema kitu.

Mchana ni jeon. Jeon ni chochote unachochovya kwenye unga kisha kwenye yai ukakaanga: samaki, uyoga, tofu, mamumunye, vibonge vya nyama. Tunakaa chini mimi, mama mkwe na mke wa shemeji mkubwa, kikaango cha umeme katikati, magazeti sakafuni, tunageuza na kugeuza mpaka kiuno kinalia. Na hivi Naju iko Jeolla, ukanda wa kusini-magharibi, basi lazima awepo na hongeo, samaki aina ya taa aliyevundikwa mpaka harufu inapanda puani ikakutoa machozi. Kwao huyo ndio heshima ya sherehe. Mi huwa nafungua dirisha.

Wanaume kazi yao walishaifanya mapema, kupanda mlimani kufyeka majani makaburini, na sio kazi ndogo maana nyigu huko hawana utani. Lakini siku ya kukaanga utawakuta sebuleni wanacheza karata. Mume wangu miaka hii anakuja kushika koleo, mwanzoni baba yake alimwangalia kama kachanganyikiwa, sasa kazoea.

Asubuhi ya sikukuu ndio charye, ibada ya kuwaheshimu mababu. Meza inapangwa mbele ya karatasi zilizoandikwa majina ya marehemu, matunda mekundu mashariki, meupe magharibi, pichi haziwekwi kabisa maana zinafukuza mizimu, na pilipili na kitunguu saumu hakuna, kwa Wakorea hiyo ni habari kubwa. Pombe inamiminwa, watu wanasujudu mara mbili (walio hai unawasujudia mara moja tu), kisha marehemu wanaachiwa nafasi ya kula. Baadaye karatasi zinachomwa, sisi tunakula kile kile. Familia nyingi za Kikristo hapa hawafanyi haya, wanasali sala ya kumbukumbu na kula, na kusema kweli nilishawahi kuwaonea wivu.

Maana nikiwa pale nyuma nimesimama na aproni yangu nilikuwa nawaza: wanawake huku hawabadilishi ukoo wakiolewa. Kwa hiyo kati ya sisi watatu tuliokaanga, hakuna hata mmoja wa ukoo wa wenye meza. Tunawapikia mababu wa watu. Mama mkwe mwenyewe na uzee wake wote ni mgeni tu mwenye cheo. Halafu nikamwomba mume wangu anisomee karatasi ya bibi yake, kumbe imeandikwa kwa ukoo aliozaliwa nao, Kim wa Gimhae, sio wa mumewe. Alikaanga jeon kwenye nyumba hii maisha yake yote na sasa yuko upande wa kula.

Kuna jambo linanichekesha. 2022 Sungkyunkwan, yaani wakuu wa Ukonfusio wenyewe, mafundisho zilikotoka ibada hizi, walitangaza kwamba jeon sio lazima, vyakula tisa vinatosha, na hayo mambo ya nyekundu mashariki hayamo hata kwenye vitabu vyao vya kale. Wanawake wangapi wamevunjika migongo kwa kitu ambacho hakijaandikwa popote! Mke wa shemeji anayo ile habari kwenye simu, kila mwaka anamwonyesha mama. Mama anasoma, anatikisa kichwa, anaomba unga.

Ila mwaka huu, tukiwa tunafunga mabaki kwenye makopo (hizo zinapikwa mchuzi na kimchi, kabichi iliyochachushwa, wiki nzima, tamu kuliko zikiwa mpya), akasema bila hata kutuangalia, mimi nikifa msinikaangie. Niwekeeni kahawa. Mume wangu akasema sawa mama, tutakuwekea. Akajibu, ile ya pakiti, yenye maziwa na sukari, msije mkaniletea ile nyeusi ya kwenu Incheon.