Siku moja ya fundi umeme: kuufanya mshale wa joto wa RX-8 useme kweli

Saa moja na nusu asubuhi. Mazda RX-8 imelala ndani ya gereji tangu jana jioni, na haijaguswa kwa makusudi. Kazi ya geji ya joto huanza injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu injini iliyolala usiku kucha ina joto lile lile la hewa inayoizunguka, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kuaminika. Unachomeka kisomaji kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchunguzia gari, unafungua swichi bila kuwasha, unasoma. Asubuhi hii kipimajoto cha ukutani kinasema nyuzi 17, kompyuta ya injini inasema 18. Sensa, kile kifaa kinachopima joto la maji ya injini, imepita mtihani wa kwanza.

Kabla ya kufungua chochote, mwenye gari anapaswa kuelewa kwamba mshale wake haujaharibika. Umetengenezwa hivyo. Ukishapanda kutoka kwenye baridi unasimama karibu na katikati na kukaa pale pale, maji yawe na nyuzi 85 au yamepita 100. Ukija kuondoka pale unakwenda mbio kwenye nyekundu, na dakika za kuokoa injini zimekwisha. Watengenezaji wengi wa magari huutuliza mshale namna hii ili dereva asitishike kila akipanda mlima. Kwa gari la kawaida haina neno. Kwa injini ya rota kama ya RX-8, yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, ni hatari. Nyumba za rota ni za alumini, zimebanwa kwa boliti ndefu kati ya sahani za chuma cha kusubu, na kati yake kuna mipira ya kuzuia maji. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likizidi, ile mipira inaminywa na kuungua, maji yanaingia kwenye chumba cha mwako, na hapo huna gasketi ya kubadilisha kama kwenye injini ya pistoni. Injini nzima inashushwa na kufunguliwa. RX-8 iliacha kuundwa mwaka 2012, na Kenya haipokei gari lililopita miaka minane, kwa hiyo zilizopo nchini ndizo hizo hizo. Kila moja inayokufa kwa joto haina mbadala.

Saa mbili. Sensa inatolewa na kuingizwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la gesi, pembeni yake kipimajoto cha kioo. Vijana wengi hukosea hapa: wanaona maji yanatokota, wanaandika 100. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji ya wazi hapa hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiandika 100 umeshajipa kosa la nyuzi sita, na umeanza kazi ya usahihi kwa kipimo cha uongo. Sensa ya aina hii hupungua ukinzani kadiri joto linavyopanda: kiasi cha kilo-ohm 2.5 kwenye nyuzi 20, ohm 300 na kitu kwenye 80. Tunaandika ukinzani kila nyuzi kumi hadi maji yatokote. Juu ya hapo sufuria haitusaidii, kwa hiyo tunaweka rezista za thamani inayojulikana mahali pa sensa na kuangalia kompyuta inasoma nyuzi ngapi. Kila kitu kikilingana ndani ya nyuzi mbili, sensa inarudi mahali pake na oringi mpya, na maji yaliyomwagika yanajazwa.

Saa tatu na nusu, dashibodi. Nguzo ya betri ya hasi inatolewa kwanza. Usukani unashushwa, kava la juu ya geji, bodi nzima ya mishale na taa, linafunguliwa, kisha skrubu za geji zenyewe. Plastiki ya umri huu huvunjika masikio yake ukiivuta kwa nguvu, kwa hiyo hapa hakuna haraka. Kwenye RX-8 hakuna waya unaotoka kwenye sensa kwenda kwenye mshale. Sensa inaiambia kompyuta ya injini, na kompyuta inatuma joto kwenye mtandao wa CAN, ambao vifaa vya gari huzungumzia: nyaya mbili zilizosokotwa, kilobiti 500 kwa sekunde. Joto limo kwenye baiti ya kwanza ya ujumbe namba 0x420. Kwa hiyo hatugusi sensa wala mshale. Tunakaa njiani mwa nyaya mbili zile, kati ya gari na geji, tunaacha jumbe zote zipite, na ujumbe mmoja tu, 0x420, tunaubadilisha baiti moja kabla haujafika kwenye geji.

Vifaa, vyote vinapatikana Luthuli Avenue: Arduino Nano moja (kompyuta ndogo ya kuandikia programu), bodi mbili za MCP2515 zenye TJA1050 (za kuiunganisha na CAN), relei ndogo ya volti 12 yenye jozi mbili za kontakti, rezista moja ya ohm 120, kigeuzi cha volti 12 kuwa 5 cha ubora, fyuzi ya ampea 1. Kigeuzi usikinunue kwa bei ya chini kabisa. Gari likipiga stata volti hushuka, likishika hupanda ghafla, na kifaa dhaifu kitajizima kila asubuhi.

Saa nne, mezani. Geji inapewa umeme wa volti 12 nje ya gari na tunaitumia ujumbe wa 0x420 wenyewe, tukipandisha baiti moja moja na kuandika mshale umesimama wapi. Kazi hii haina ujuzi mwingi, inataka subira. Picha inayotokea ni hii: kutoka baridi hadi karibu na katikati mshale unapanda kwa hatua nyingi ndogo. Kisha unafika kwenye uwanda, thamani nyingi mfululizo ambazo haziusogezi hata unywele. Baada ya uwanda, hatua chache kubwa hadi nyekundu. Hiyo ndiyo mipaka ya geji, na programu yoyote utakayoandika haiwezi kuipita. Ndiyo maana jedwali letu halina mstari ulionyooka kabisa. Nyuzi 60 hadi 95 tunazitandaza kwenye sehemu ya chini yenye hatua nyingi, 95 ikiangukia katikati. Juu yake tunatumia zile hatua chache: 100, 104, 107, na 110 kwenye ukingo wa nyekundu. Kila hatua ni mruko unaoonekana kwa jicho, na dereva anaihitaji hivyo. Programu inachukua wastani wa sekunde mbili na haibadilishi hatua mpaka joto lisogee nyuzi moja kamili, la sivyo mshale utatetemeka.

Kuna mtego mmoja wa kuangaliwa kwenye zile bodi: kioo cha mapigo, kristali inayoipa bodi kasi yake. Nyingine zina kioo cha megahezi 8, nyingine 16, na huuzwa kwenye sanduku moja. Programu ikidhani ni 16 na bodi ni 8, kasi inakuwa nusu na hutasikia ujumbe hata mmoja. Soma namba iliyochongwa juu ya kioo, usimwamini muuzaji. Na jampa ndogo ya ohm 120 kwenye kila bodi, ing'oe. Sababu inafuata.

Saa sita. Mtandao wa CAN una rezista mbili za ohm 120, moja kila mwisho, kwa hiyo mita ikiwekwa kati ya nyaya mbili gari likiwa limezimwa inasoma ohm 60. Toa plagi ya geji upime tena. Ikipanda kuwa 120, rezista moja imo ndani ya geji, na ukiitenga geji na gari, upande wa gari umebaki na moja. Ndipo ohm 120 yetu inapowekwa, upande wa gari. Relei inafungwa hivi: nyaya za gari kwenye kontakti za katikati, kontakti zinazofungana bila umeme zinakwenda moja kwa moja kwenye geji, zile za upande wa pili zinakwenda kwenye bodi ya kwanza pamoja na ohm 120. Bodi ya pili iko kwenye geji muda wote. Kifaa kikifa, relei inaachia, gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani na ile rezista ya ziada inajitoa yenyewe. Fundi anayefunga kifaa cha namna hii bila njia ya kurudi amemwekea mteja mtego barabarani.

Saa saba na nusu mwenye gari anaingia, na saa zinaanza kuyeyuka. Amekuja na mjomba wake.

"Fundi, hii kazi bado? Si ni geji tu?"

"Bado boss. Waya zimeshaingia, tunajaribu sasa."

Mjomba anasogea, anaangalia nyaya zilizotandikwa kwenye kiti. "Mshale ulikuwa umetulia vizuri. Sasa mnalipwa kuufanya ucheze?"

"Ndiyo mzee. Ulikuwa umetulia hata maji yakipita mia."

"Gari langu miaka ishirini mshale uko katikati, halijawahi kuchemka."

Tunazima kifaa chetu, tunamwonyesha. Kisomaji kinawekwa kando ya geji, rezista inawekwa mahali pa sensa, kompyuta inasoma 88, mshale katikati. Rezista nyingine, inasoma 101, mshale pale pale. Anainama, anaugonga mkono kwenye kioo. Anaomba turudie. Tunarudia mara tatu. Kisha anataka mshale wake mwenyewe ukaguliwe, leo hii, na gari lake ni aina nyingine kabisa. Nusu saa imekwisha kwa maelezo, na betri ya gari inalika kwa sababu swichi iko wazi.

Kifaa kinawashwa tena, na taa zinaanza. Kwanza ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge kwenye breki; inawaka sekunde mbili, inazimika. Kisha taa ya usukani. Kisha zote kimya dakika tano, na mara tena. Hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo inayomchosha fundi kuliko zote, kwa sababu kila ukidhani umeiponya, ilikuwa imepumzika. Tunapima ohm: 60, sawa. Tunakagua msokoto wa nyaya, tunachomelea upya viungo viwili. Taa zinarudi. Tunaondoa umeme wa kifaa, relei inaachia, taa hazionekani dakika kumi. Basi kosa liko ndani ya kifaa, si kwenye gari. Mwenye gari anauliza kila baada ya dakika chache kama ABS yake imeharibiwa. Haijaharibiwa. Geji haikupata ujumbe wa ABS kwa wakati, ikadhani ABS imenyamaza.

Jibu lilikuwa kwenye programu, mstari mmoja uliosahauliwa tangu mezani: kila ujumbe unaopita uandikwe kwenye skrini ya laptopu. Ujumbe mmoja wa CAN kwa kasi hii huchukua karibu robo ya milisekunde, yaani maikrosekunde 250 hivi. Kuuandika herufi thelathini kwa kasi ya 115,200 huchukua milisekunde mbili na nusu, mara kumi ya hapo. MCP2515 ina nafasi mbili tu za kupokelea. Wa tatu akifika kabla hujazifuta, anapotea. Mstari ukafutwa, kusoma kukahamishiwa kwenye ishara ya kukatiza ya bodi badala ya kuuliza kwa zamu, na jumbe za ABS na usukani zikapewa nafasi mbele. Tukangoja. Nusu saa, hakuna taa.

Jua limeshapoa tunapofunga dashibodi. Skrubu za kava, usukani juu, nguzo ya betri. Baada ya betri kutolewa RX-8 hubaki na taa ya DSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, inayopepesa mpaka usukani uzungushwe hadi mwisho kushoto, kisha mwisho kulia, injini ikiwaka. Mjomba aliiona akanyamaza, akitungoja tuseme.

Majaribio ya barabarani, Waiyaki Way kuelekea Kikuyu, foleni ya jioni. Foleni ndiyo kipimo chenyewe, kwa kuwa hakuna upepo kwenye rejeta. Themostati hufungua karibu nyuzi 82, na mshale unaonekana ukipumua pale, unashuka kidogo maji baridi ya rejeta yanapoingia. Zamani hapo usingeona kitu. Kwenye foleni ya Uthiru unapanda hadi katikati, kisomaji kinasema 98, feni inasikika, unarudi. Mlimani kwa gia ya tatu, 96. Kila namba na nafasi yake.

Kisha jambo ambalo geji ya zamani isingelitoa. Tukisimama na kuzima, injini ingali na 99, maji yanasikika yakigugumia kwenye mpira wa juu. Mfuniko wa tangi la maji ukiwa mzima, wenye 0.9 juu yake, yaani shinikizo la bar 0.9, maji matupu Nairobi hutokota karibu 115, Mombasa karibu 119. Ukishindwa kushika shinikizo, hapa kwetu yanatokota kwenye 94, chini ya joto ambalo feni inaamka. Mfuniko huu haushiki. Geji sahihi na mfuniko uliochoka havikai pamoja.

Saa mbili usiku mwenye gari amepewa karatasi ya jedwali, mshale na nyuzi zake, ibandikwe ndani ya boksi la dashibodi. Gari limebaki kwetu. Kesho duka la Kirinyaga Road likifunguliwa, mfuniko mpya, kisha mzunguko mmoja zaidi wa foleni.